Majivu ya makaa ya mawe: Lini ni taka, lini ni bidhaa?

Na MWANDISHI WETU

WAHENGA walisema moto huzaa jivu. Waliponena hivyo walikuwa wakizungumzia watu na wazao wao. Lakini kwa mkazi wa Matsangoni, Kaunti ya Kilifi, anayejenga nyumba kando ya barabara kuu ya Mombasa kuelekea Malindi, methali hiyo ina maana nyingine ambayo huenda hajapata kuifikiria. Yamkini mfuko wa saruji wa kilo 50 alioununua dukani una majivu ndani yake, na hakuna aliyemdanganya.

Majivu hayo si ya jikoni. Ni pozolana, yaani majivu na mawe ya volkeno yanayochimbwa sehemu za bara, kisha kusagwa pamoja na klinka, ambayo ndiyo kiini cha saruji. Katika mataifa mengine, nafasi ya pozolana huchukuliwa na majivu ya makaa ya mawe kutoka vituo vya kuzalisha umeme, au na kile ambacho Waswahili tangu jadi wamekiita mavi ya chuma, yaani masalio yanayobaki chuma kinapoyeyushwa. Viwango vya ubora vinavyotumika humu nchini vinaruhusu vyote vitatu.

Hata hivyo, majivu hayo hayo ya makaa ya mawe yakimwagwa katika shimo lililo karibu na kisima, huwa ni taka inayoweza kuwadhuru watu kwa miaka mingi. Kitu ni kile kile. Kinachobadilika ni mahali kilipowekwa, namna kilivyowekwa, na aliyeruhusu kiwekwe. Tofauti hiyo ndiyo inayotungiwa sheria kote duniani, na ndiyo makala haya yanayonuia kuieleza.

Jambo hili lina uzito wa pekee kwa wakazi wa Matsangoni. Mwaka 2024, wakazi wa Uyombo, kijiji kilicho katika wadi hiyo, waliandamana kupinga mpango wa kujenga kituo cha kawi ya nyuklia katika eneo lao. Mpango huo haukuhusu makaa ya mawe, lakini ulikumbusha kwamba ufuo huu unatazamwa na wapangaji wa miradi mikubwa. Kaskazini zaidi, wakazi wa Lamu walipambana kwa miaka mingi na mradi wa kituo cha umeme cha makaa ya mawe. Yeyote anayeombwa kuupokea moto wa aina hiyo ana haki ya kuuliza habari ya jivu lake.

Majivu haya ni nini?

Makaa ya mawe si kaboni tupu. Ndani yake mna udongo na madini yaliyozikwa pamoja na mimea mamilioni ya miaka iliyopita. Makaa yanapochomwa, kaboni huteketea na madini hayo hubaki. Ikiwa asilimia 10 ya makaa ni madini yasiyoungua, basi kila tani 100 zinazochomwa huacha tani 10 za majivu. Makaa duni huacha zaidi ya hapo.

Katika vituo vya umeme, makaa husagwa yakawa unga kabla ya kuchomwa. Sehemu kubwa ya majivu yake huwa laini mno na hupaa pamoja na moshi. Haya huitwa majivu mepesi, na hunaswa kwa mitambo maalum kabla ya kutoka kwenye dohani. Majivu mazito, yenye chembe kubwa kama za mchanga, huanguka chini ya tanuri. Aidha, viwanda vinavyosafisha moshi ili kuondoa salfa hupata zao la tatu, ambalo ni jasi, ile ile inayotumika kutengeneza mbao za dari na za kuta.

Majivu mepesi yana sifa inayowavutia wajenzi. Saruji inapochanganywa na maji, hujenga gundi inayoshikanisha mchanga na kokoto, lakini pia huacha chokaa ambayo haina kazi kubwa. Silika iliyomo kwenye majivu huungana na chokaa hiyo na kuunda gundi zaidi. Matokeo yake ni zege lenye vinyweleo vichache, lisilopenyeka kwa urahisi na maji ya chumvi. Kwa nyumba au gati iliyo karibu na bahari, hiyo si faida ndogo.

Warumi wa kale walilijua jambo hili. Walichanganya chokaa na majivu ya volkeno kutoka Pozzuoli, karibu na mji wa Naples nchini Italia, na jina pozolana linatokana na mji huo. Wajenzi wa mji wa kale wa Gede, ulio mwendo mfupi kaskazini mwa Matsangoni, walitumia mawe ya matumbawe na chokaa, na kuta zao zingali zimesimama ingawa mji wenyewe ulihamwa karne kadhaa zilizopita.

Kuna faida nyingine. Kutengeneza tani moja ya klinka hutoa zaidi ya kilo 800 za hewa ya kaboni, kwa sababu ya moto unaohitajika na kwa sababu mawe ya chokaa yenyewe hutoa hewa hiyo yanapochomwa. Kila kilo ya klinka inayoachwa na nafasi yake kuchukuliwa na majivu hupunguza hewa hiyo, na pia hupunguza uchimbaji wa mawe.

Sumu iliyojificha

Moto hauondoi madini mazito yaliyokuwa ndani ya makaa. Huyakusanya. Majivu yanaweza kuwa na aseniki, zebaki, risasi, kadimiamu, kromiamu na seleniamu, kwa viwango vinavyotegemea mgodi ambako makaa yalichimbwa. Ndiyo maana haiwezekani kusema kwamba majivu yote ni salama, wala kwamba yote ni sumu. Lazima yapimwe.

Hatari kubwa huja kupitia maji. Mvua ikinyeshea rundo la majivu, hubeba sehemu ya madini hayo hadi ardhini. Wataalamu kwa hiyo hutenganisha matumizi ya aina mbili. Ya kwanza ni matumizi ya kufungwa, ambapo majivu huwa ndani ya zege, tofali au ubao wa jasi, na chembe zake hushikwa zisiweze kutoka kwa urahisi. Ya pili ni matumizi ya wazi, ambapo majivu humwagwa kujaza bonde, kusawazisha kiwanja au kuinua tuta.

Kwa mkazi wa pwani, tofauti hiyo ni muhimu kuliko kwa mtu wa bara mwenye udongo mzito wa mfinyanzi. Ukanda wa ufuo kati ya Kilifi na Malindi umekalia miamba ya matumbawe. Miamba hiyo imejaa nyufa na mapango, na maji hupita ndani yake upesi bila kuchujwa vya kutosha. Wengi hutegemea visima. Kitu kinachomwagwa juu ya ardhi leo kinaweza kuonja maji ya jirani kabla ya mwenye kiwanja kumaliza msingi. Yasiyoishia kisimani huelekea baharini, na hapa bahari ni hori la Mida pamoja na Hifadhi ya Bahari ya Watamu, ambayo imelindwa tangu mwaka 1968.

Isitoshe, uchimbaji wa mawe ya kujengea umeacha mashimo katika sehemu mbalimbali za Kilifi. Shimo tupu humshawishi mtu mwenye taka. Lori likija na shehena ya kujaza shimo bila malipo, mwenye shamba huona amepata bahati. Ni vyema ajiulize kwanza kwa nini anapewa bure.

Sheria za Kenya zasemaje?

Kenya haina kituo cha kuzalisha umeme kwa makaa ya mawe. Makaa yanayoagizwa kutoka nje hutumiwa hasa na viwanda vya saruji kuchomea mawe ya chokaa, na majivu yake huingia moja kwa moja ndani ya klinka, hivyo hayabaki kama taka ya pekee. Pengine kwa sababu hiyo, taifa halijatunga kanuni mahsusi ya majivu ya makaa ya mawe kama zilivyofanya nchi zinazoyazalisha kwa mamilioni ya tani. Lakini si kweli kwamba hakuna sheria. Zipo, ila zimetawanyika, na mwananchi hana budi kuziunganisha.

Ya kwanza ni Katiba ya mwaka 2010. Kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira safi na yenye afya. Kifungu cha 70 kinamruhusu kwenda mahakamani haki hiyo inapotishiwa, bila kulazimika kuthibitisha kwamba yeye binafsi ameumia.

Ya pili ni Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999, iliyounda Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira (NEMA). Sheria hiyo inaeleza taka kwa upana. Taka ni pamoja na kitu chochote, kiwe kigumu, majimaji au hewa, kinachomwagwa au kuwekwa katika mazingira kwa wingi, kwa mchanganyiko au kwa namna inayoweza kuyabadilisha mazingira hayo. Maelezo hayo hayataji bei. Haitoshi basi kwa mwenye kiwanda kudai kwamba majivu yake ni mali kwa kuwa yana mnunuzi. Kinachotazamwa ni yanakowekwa na athari yake.

Ya tatu ni Kanuni za Udhibiti wa Taka zilizotolewa mwaka 2006. Zilimtwika mzalishaji wa taka jukumu la kuikusanya, kuitenganisha na kuitupa inavyofaa. Zilimtaka mwenye kiwanda apunguze taka kwa kuboresha uzalishaji na kutumia tena kinachoweza kutumika. Ziliweka leseni kwa wasafirishaji na kwa wenye maeneo ya kutupia taka, pamoja na hati ya kufuatilia shehena kutoka inakotoka hadi inakofika. Ziliorodhesha pia taka hatari, zikiwemo zile zenye aseniki, risasi, zebaki na kadimiamu. Majivu yanayobeba madini hayo kwa kiwango cha kudhuru hayawezi kushughulikiwa kama mchanga wa kawaida.

Ya nne ni Sheria ya Udhibiti Endelevu wa Taka ya mwaka 2022. Hii ilibadilisha mwelekeo. Badala ya kuitazama taka kama kitu cha kuzikwa tu, inaweka ngazi: kwanza izuiwe isizalishwe, kisha itumiwe tena, igeuzwe kuwa bidhaa, na kuitupa kuwe hatua ya mwisho. Inawataka wenye biashara na viwanda waandae mpango wa miaka mitatu wa kushughulikia taka zao na kutoa ripoti kila mwaka. Serikali za kaunti, ambazo Katiba inazipa kazi ya kuondoa taka ngumu, nazo zina wajibu wake.

Ya tano haitoki kwa watu wa mazingira. Inatoka kwa Shirika la Kutathmini Ubora wa Bidhaa nchini (KEBS), na imechapishwa kwenye mfuko wa saruji.

Jinsi ya kuusoma mfuko

Kiwango cha saruji cha Afrika Mashariki, ambacho Kenya hukifuata, kimejengwa juu ya kile cha Ulaya. Mfuko huandikwa herufi CEM, zikifuatwa na nambari za Kirumi. CEM I ni klinka karibu tupu, yaani asilimia 95 au zaidi. CEM II imechanganywa kiasi: ikiwa na herufi A, mchanganyiko ni asilimia 6 hadi 20, na ikiwa na herufi B ni asilimia 21 hadi 35. CEM IV ndiyo saruji ya pozolana au majivu: A ni asilimia 11 hadi 35, na B ni asilimia 36 hadi 55. CEM III ni ya mavi ya chuma.

Katika CEM II na CEM IV, herufi inayofuata hutaja kilichochanganywa. P ni pozolana asilia, V ni majivu mepesi ya makaa ya mawe yenye silika, na katika CEM II kuna S, ambayo ni mavi ya chuma, na L, ambayo ni mawe ya chokaa. Kisha kuna 32.5 au 42.5, ambazo ni nguvu ya saruji baada ya siku 28. Herufi N humaanisha inakomaa kwa mwendo wa kawaida, na R kwa haraka.

Hivyo mfuko ulioandikwa CEM IV/B-P 32.5N unasema wazi kwamba zaidi ya thuluthi moja, na pengine zaidi ya nusu, si klinka bali ni pozolana. Hilo si kosa wala udanganyifu. Ni saruji halali kwa kujengea kuta na kupiga plasta. Lakini hukomaa polepole, na mwashi anayeacha kuimwagilia maji baada ya siku mbili anajinyima nguvu aliyoilipia. Kwa nguzo na sakafu za ghorofa, mhandisi ndiye anayepaswa kuamua aina ya kutumia.

Kuna funzo kubwa zaidi hapa. Kiwango hakiruhusu majivu yoyote tu. Kiwango cha Ulaya cha majivu ya kuchanganya na zege, kwa mfano, hupima ulaini wake na kiasi cha kaboni ambayo haikuteketea. Daraja la juu kabisa haliruhusu zaidi ya asilimia 5 ya masalio yanayoungua. Jivu hupanda daraja na kuwa bidhaa baada ya kupita mtihani. Lililoshindwa hurudi kuwa taka.

Wengine wamefanyaje?

Nchini Marekani, sheria ilisubiri maafa. Usiku wa Desemba 22, 2008, ukuta wa bwawa la majivu ulipasuka katika kituo cha umeme cha Kingston, jimbo la Tennessee. Zaidi ya mita milioni nne za ujazo za tope la majivu zilimwagika kwenye mito na mashamba. Kabla ya hapo, katika mji mdogo wa Town of Pines, jimbo la Indiana, majivu yalikuwa yametumika kujazia barabara na viwanja vya watu, huku mengine yakizikwa katika jaa la karibu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 visima vilipatikana vimechafuka, na wakazi wakalazimika kuunganishiwa maji ya mfereji kutoka mji jirani.

Mwaka 2015, Shirika la Kulinda Mazingira la Marekani lilitangaza kanuni za majivu ya makaa. Ili yahesabiwe kuwa yametumika kwa manufaa na si kutupwa, masharti manne yaliwekwa. Lazima yawe na kazi halisi. Lazima yachukue nafasi ya malighafi ambayo ingechimbwa. Lazima yatimize viwango vya bidhaa husika. Na yakitumika wazi juu ya ardhi kwa wingi wa tani 12,400 au zaidi, isipokuwa barabarani, mtumiaji aonyeshe kwamba hayatachafua maji, udongo wala hewa kuliko malighafi ya kawaida. Mwaka uliotangulia, shirika hilo lilikuwa limekubali matumizi ya majivu mepesi katika zege na ya jasi katika mbao za kuta. Katika miaka ya karibuni zaidi ya nusu ya majivu ya makaa nchini humo yamekuwa yakitumika tena.

India ilifuata njia ya kulazimisha. Agizo la Septemba 1999 liliwataka watengenezaji matofali walio ndani ya kilomita 50 kutoka kituo cha umeme wachanganye angalau asilimia 25 ya majivu. Agizo jipya la Desemba 31, 2021 liliwataka wenye vituo wahakikishe majivu yote yanatumika, na likaweka faini ya rupia 1,000 kwa kila tani ambayo haikutumika.

Umoja wa Ulaya, kwa sheria yake ya mwaka 2008, ulitoa kipimo kinachoeleweka hata na asiye mwanasheria. Kitu ni zao la ziada na si taka ikiwa kuna hakika kitatumika. Ikiwa kinaweza kutumika moja kwa moja bila kusindikwa kwa njia isiyo ya kawaida. Ikiwa kimetokana na uzalishaji wenyewe. Na ikiwa matumizi yake ni halali na hayadhuru watu wala mazingira. Afrika Kusini, inayotegemea mno makaa ya mawe, ilitoa kanuni mwaka 2018 zinazomruhusu mzalishaji kuomba majivu, jasi au mavi ya chuma yake yaondolewe katika hesabu ya taka, iwapo atathibitisha matumizi yenye manufaa.

Njia ni tofauti, lakini zote zinamtwika mzigo wa kuthibitisha yule anayezalisha au kutumia masalio hayo. Mwenye kisima hatakiwi kungoja augue ndipo athibitishe kwamba ni sumu.

Funzo kutoka Lamu na Owino Uhuru

Mkataba wa Basel kuhusu usafirishaji wa taka hatari, ambao Kenya ni mwanachama wake, unalionyesha fumbo hili vyema. Majivu mepesi ya vituo vya umeme yametajwa katika orodha mbili. Yamo katika orodha ya taka zisizo hatari, na yamo pia katika orodha ya taka hatari, ikiwa yana madini ya sumu kwa kiwango cha kudhuru. Anayetaka kujua shehena fulani iko orodha gani hana njia ila kuipima.

Mradi wa Lamu wa megawati 1,050, uliokusudiwa kujengwa Kwasasi, ulipewa leseni na NEMA mwezi Septemba 2016. Juni 26, 2019, jopo la kitaifa linalosikiliza mizozo ya mazingira liliifuta leseni hiyo, sababu kuu ikiwa ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Shimo la majivu na ukaribu wake na bahari ni miongoni mwa mambo yaliyozua maswali katika kesi hiyo. Mwaka 2025, Mahakama ya Ardhi na Mazingira mjini Malindi iliitupa rufaa ya kampuni iliyotaka kujenga kituo hicho.

Kesi ya pili ilitoka Mombasa na haikuhusu makaa, bali masalio ya betri za magari. Katika mtaa wa Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha risasi kutoka betri kuukuu kiliendeshwa katikati ya makazi hadi kilipofungwa mwaka 2014. Kutumia tena betri ni jambo jema na ngazi ya taka inalihimiza. Lakini lilifanywa bila ulinzi, na wakazi, wakiwemo watoto, walipatikana na risasi mwilini. Mwanaharakati Phyllis Omido, aliyeongoza kampeni hiyo, alipata Tuzo ya Goldman mwaka 2015. Mnamo Julai 2020, mahakama iliagiza wakazi walipwe fidia ya Sh1.3 bilioni, na lawama ikagawanywa kati ya wenye biashara na taasisi za serikali zilizozembea. Mahakama ya Rufaa iliubatilisha uamuzi huo mwaka 2023, kabla ya Mahakama ya Juu kuwarejeshea wakazi ushindi wao Desemba 2024.

Owino Uhuru inaonyesha kwamba neno 'kutumia tena' halimkingi mtu. Taka iliyogeuzwa kuwa bidhaa bila kupimwa ni taka iliyobadilishiwa jina tu.

Maswali ya kuuliza

Kilifi ni kaunti yenye viwanda. Kuna vya saruji Vipingo na Kaloleni, na vya vyuma na mabati Mariakani. Masalio ya viwandani yatazidi kuwapo, na si busara kuyakataa yote. Kokoto za mavi ya chuma, majivu ya makapi ya miwa na jasi vinaweza kupunguza gharama ya ujenzi na kuokoa miamba isichimbwe. Lakini mkazi anayeletewa mzigo wa aina hiyo, au kijiji kinachoitwa kwenye baraza kuelezwa mradi mpya, kina haki ya kuuliza maswali matano.

Kwanza, ni masalio ya nini, na yametoka kiwanda gani? Jibu la 'ni mchanga wa kiwandani' halitoshi.

Pili, yamepimwa lini na nani, na cheti cha vipimo kiko wapi? Vipimo vionyeshe kiasi cha madini mazito, pamoja na kiasi kinachoweza kutoka yakilowa maji.

Tatu, msafirishaji ana leseni ya NEMA na hati ya kufuatilia shehena? Ikiwa ni bidhaa badala ya taka, je, ina alama ya ubora ya KEBS?

Nne, yatafungwa ndani ya zege na tofali, au yatamwagwa wazi? Yakimwagwa wazi, kisima cha karibu kiko umbali gani, na chini kuna udongo au mwamba wa matumbawe?

Tano, nani atawajibika baada ya miaka 10, na hilo limeandikwa wapi? Kampuni huuzwa na kufungwa, lakini majivu hubaki pale pale.

Majibu si hisani. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa zilizoko mikononi mwa taasisi za umma, na ombi linapaswa kujibiwa ndani ya siku 21. Ripoti ya athari za mradi kwa mazingira nayo ni ya kusomwa na umma kabla ya leseni kutolewa, wala si siri ya wataalamu.

Bado kuna pengo ambalo wabunge na wizara husika wanapaswa kuliziba. Kanuni moja inayotaja majivu, mavi ya chuma na jasi kwa majina, inayotenganisha matumizi ya kufungwa na ya wazi, na inayozingatia ardhi ya matumbawe ya pwani, ingemwondolea mwananchi kazi ya kuokota vifungu katika sheria tano. Wakati mzuri wa kuitunga ni sasa, kabla Kenya haijawa na lundo lake la majivu. Marekani iliitunga baada ya mito kujaa tope.

Hadi hapo, mjenzi wa Matsangoni aanze na kilicho mikononi mwake. Ageuze mfuko wa saruji na kusoma maandishi yake. Jivu lililomo humo lina jina, kiasi na kipimo, na yupo wa kuulizwa likikosa ubora. Lori linaloleta jivu shambani kwake halistahili kupokewa kwa masharti mepesi kuliko hayo.